Udi Ulipopigwa Marufuku

Msimu wa kuwinda kulungu ulipokaribia, nyumba yetu ya Madison, Wisconsin, ilikatazwa kunukia. Amri ilitoka kwa Baba Watoto na haikuacha kitu. Udi usifukizwe. Asumini ya chupa ifungiwe kabatini. Vitunguu thomu visikaangwe milango ya vyumba ikiwa wazi. Nguo za wakubwa na za watoto zifuliwe kwa sabuni isiyo na harufu, ambayo aliinunua katika duka la vifaa vya uwindaji kwa bei ambayo ingetupatia mfuko mzuri wa basmati. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Lamu kututazama, alisikiliza amri zote hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole kama mwanawe ni mzima.

Mzima alikuwa mzima; uwindaji ndio uliomshika. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sisi wawili tumekua bila kumwona jirani akitoka na bunduki kwenda kutafuta kitoweo kwa kibali cha serikali. Wisconsin mambo ni mengine. Msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, unadumu siku tisa, na siku hizo kiwandani kwake nusu ya watu hawaonekani. Wenzake walimvuta mpaka akavutika. Akasoma kozi ya usalama ambayo sheria ya jimbo inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1973, akakata leseni, akanunua koti la rangi ya chungwa inayowaka. Mimi nilifurahi naye. Mtu anayesimama mbele ya mashine mwaka mzima anahitaji mahali pa kukaa kimya, na nyama ya kulungu ni nyama safi: mnyama amekula majani, mbegu za mwaloni na mahindi, hana mafuta mengi, na ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, kisu kikiwa tayari kiunoni, unaila moyo ukiwa umetulia.

Kulungu wa huku, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, anaishi kwa pua yake. Macho yake hayaioni rangi ya chungwa kama tuionavyo sisi, ndiyo maana mwindaji anaweza kuvaa koti linalowaka na asishtuliwe nalo. Lakini harufu ya mtu anainasa kutoka mbali, na akiisha kuinasa hangoji kuthibitisha. Anakanyaga ardhi kwa kwato, anapuliza pua kwa kishindo, anainua mkia, na kundi zima linaondoka. Hayo Baba Watoto aliambiwa dukani, na alichoambiwa kilikuwa nusu ya habari. Muuzaji alimwambia ajitoe harufu. Hakumwambia aangalie upepo unaipeleka wapi hiyo harufu, kwa kuwa upepo hauuzwi.

Basi tukaanza kutolewa harufu. Mashine ya kufulia ilioshwa kwanza kwa siki, ndipo nguo zikaingia. Koti na suruali za msituni zikawekwa ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, na mwenzake mmoja wa kazini akamshauri atie humo majani makavu ya mwaloni na udongo wa porini ili nguo zishike harufu ya huko. Akaleta mfuko mzima, akaumwaga. Sanduku akaliweka bafuni, karibu na tundu linalotoa hewa ya moto, ili udongo ukauke.

Kupe wenye miguu myeusi wa nchi hizi hawalali mara Novemba ikiingia. Wakubwa wao wanatafuta damu hadi baridi kali kabisa, na joto likiwagusa wanaamka. Alfajiri mama mkwe aliingia kutawadha, akatoka ameishika ncha ya kanga kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili. Niliinama nikatazama. Penye pindo alikuwapo mmoja, bapa, mweusi begani na mwekundu kiunoni, ameinua miguu ya mbele anapapasa hewa. Hawa ndio wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na Wisconsin una watu wengi uliowatesa viungo. Sanduku lilitoka nje muda huohuo. Tukavua mashuka vitandani, tukaviringisha mazulia, tukawakagua watoto nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele. Nguo zikapitishwa kwenye kikaushio cha moto mkali, maana kinachomuua kupe ni ukavu na joto, maji ya kufulia anaweza kuyavumilia. Watoto walichelewa shule. Mama mkwe alikaa kitandani, miguu ameikunja juu, akamwambia mwanawe, “Mwanangu, mimi nimefukiza udi tangu niolewe. Udi haujaniletea mdudu hata siku moja.”

Baba Watoto aliomba radhi kwa mama yake, akayatupa majani, lakini amri ya udi hakuitengua. Msimu ulikuwa unafunguliwa keshokutwa.

Shamba alilopewa ruhusa ya kuwindia liko Vernon, kusini magharibi mwa jimbo, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Ni la mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe, jamaa wa mwenzake wa kazini. Sehemu hiyo ya nchi barafu kuu za kale hazikuipitia, hivyo haikusawazishwa kama sehemu nyingine za jimbo: ni migongo ya vilima na mabonde membamba yenye vijito, miteremko imejaa mialoni. Bonde la mzee lina kijito chini, kando yake shamba la majani ya alfalfa, na kulungu hushinda vichakani huko juu kisha jioni hushuka kula. Baba Watoto aliweka dungu lake, lile la ngazi ya chuma linaloegemezwa kwenye mti, katikati ya mteremko. Alipachagua kwa macho. Kutoka pale aliliona shamba zima, kijito na njia mbili za wanyama. Mtu yeyote angepapenda.

Jumamosi ilipita bila mlio. Jioni walitoka majike matano upande wa chini, wakatembea hatua chache ndani ya alfalfa, wa mbele akasimama, akainua pua, akakanyaga. Kisha kile kishindo cha pua, mikia juu, bonde tupu. Jumapili ikawa vilevile, kwa saa ileile. Alirudi usiku, akasimama ukumbini na koti mkononi, akainusa kola.

“Mama Watoto, ni udi.”

“Udi sijaufukiza wiki mbili.”

“Umo ndani ya mapazia. Umo ndani ya mbao za kabati.”

Kuhusu mapazia alisema kweli, na sitaki ya kweli yapotee kwa kuwa niliumia. Udi ukiingia kitambaani unakaa. Lakini mimi ni binti wa nahodha. Nimekulia katika nyumba ambamo mtu haulizi kama harufu ipo. Anauliza upepo wa saa hii unatoka wapi. Jumatatu magharibi, baada ya swala, nilitia makaa kwenye chetezo nikatoka nacho ngazi za nyuma, nje kabisa, ambako amri ya mume wangu haikufika. Uwanja wetu wa nyuma unateremka kidogo kuelekea mtaro wa barabara ya chini. Mbingu ilikuwa wazi, mti haukutikisa jani, na simu ilinionyesha upepo mwepesi wa kaskazini magharibi. Nilitupia kipande cha udi. Moshi ulipanda kiasi cha shubiri moja, ukalala. Ukatambaa juu ya ngazi, kidato kwa kidato, ukaingia kwenye nyasi, ukateremka moja kwa moja hadi mtaroni, upande ambao simu haikuutaja kabisa. Niliingia ndani nikamwita. Alitoka na kikombe cha chai mkononi, akautazama moshi ule mpaka chai ikapoa.

Kwetu pwani tunaujua umande, upepo unaotoka bara kabla ya alfajiri na kuwasukuma wavuvi baharini. Usiku nchi kavu inapoa, hewa yake inakuwa nzito, inashuka kufuata mteremko. Vilima vya Vernon vina sheria hiyohiyo. Jua likianza kuzama na mbingu ikiwa wazi, hewa ya mteremko inapoa na kumiminika bondeni. Asubuhi jua likiupiga mteremko, hewa inapata joto na kupanda. Utabiri wa simu unasema habari za upepo mkubwa unaopita juu ya nchi. Saa ya jioni iliyotulia, ndani ya bonde, upepo mkubwa hauna sauti. Na saa hiyo ndiyo saa ya kulungu. Kila kilichokuwa kwenye koti, iwe udi, jasho au hiyo sabuni yenyewe, kilishuka kutoka kwenye dungu hadi kwenye pua za majike wale.

Jumatano tulikwenda wote shambani, mchana, nami nimevaa kizibao cha chungwa juu ya buibui, kwa kuwa wakati wa bunduki mtu asiingie msituni bila rangi hiyo. Mzee mwenye shamba alitupokea vizuri. Alikata ganda kavu la gugu moja la huku, lenye utomvu mweupe, akalipasua kwa kucha. Ndani mlijaa nyuzi nyeupe zinazong'aa, kila fungu na mbegu yake, laini kama sufi ya mto. Tena mzee akatuambia jambo lililonikaa moyoni: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoiteka Java, sufi iliyokuwa ikijazwa kwenye maboya ya mabaharia wa Marekani ilikatika, na watoto wa shule wa huku wakatumwa kuokota maganda haya kwenye kingo za mashamba ili nyuzi zake zichukue nafasi ya sufi. Wawindaji wa sasa wanazitembeza mfukoni kupimia upepo.

Baba Watoto alipanda dunguni, akafunga mkanda wa usalama, akaachia uzi mmoja. Ulikwenda kusini mashariki, kama utabiri ulivyosema, ukafika nje ya matawi, ukasita. Kisha ukageuka ukarudi kwetu, ukizunguka, ukatua chini ya ngazi. Mteremko ule umeupa mgongo upepo wa kaskazini magharibi, na upepo ukivuka kilele cha kilima unajikunja upande wa pili. Kumbe hata mchana dungu lile lilikuwa linamwaga harufu huku na huku. Tulingoja. Jua lilipogusa vilele, nyuzi ziliacha kuzunguka. Zote, moja baada ya moja, zikateremka kwenye alfalfa. Hakuna aliyesema neno. Mzee akaenda kuwasha trekta.

Dungu likahamishiwa mwisho wa bonde, kando ya kijito, upande maji yanakoelekea. Pale hewa ya jioni inapita juu ya shamba kwanza, inamfikia mwindaji, halafu inatoka naye bondeni. Kulungu wanakuwa kule inakotoka hewa, na mtu yuko kule inakokwenda. Tukabadilisha na njia ya kuendea: asikatishe tena alfalfa na kuacha nyayo zake mezani pa wanyama, bali aingie kutokea barabarani, akifuata kijito. Mahali pa zamani mzee alipaacha na pendekezo lake: patafaa asubuhi ya kusi jepesi, mtu akipanda juu zaidi, karibu na kilele, akakaa hadi hewa ianze kupanda. Kila dungu lina upepo wake. Siku upepo huo haupo, mahali hapo paachwe, hata kama pana alama za dume mkubwa.

Alhamisi, sikukuu ya Shukrani, marufuku iliondolewa bila hotuba. Alikitoa chetezo mwenyewe kwenye rafu na kukiweka mbele ya mama yake. Nyumba ilifukizwa kutoka jikoni hadi vyumbani, na koti la chungwa lilikuwa limetundikwa ukumbini muda wote huo.

Ijumaa jioni alipiga jike moja, kwa risasi moja, baada ya Bismillahi, mnyama akiwa amesimama anakula bila habari. Alimsajili kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku iliyofuata, kama sheria inavyotaka. Kichwa alikipeleka kupimwa, kwa sababu ugonjwa wa kukondesha kulungu uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002 na kusini magharibi mwa jimbo umeenea sana. Ushauri wa wataalamu ni kutokula nyama hadi majibu yatoke. Nyama ikakaa kwenye friza. Majibu yakaja safi. Mama mkwe ndiye aliyeipika pilau, kwa bizari nyembamba, mdalasini na karafuu, na vitunguu thomu vilikaangwa milango yote ikiwa wazi.

Sisemi sabuni isiyo na harufu ni bure. Mwenye fedha na anunue, inapunguza kidogo. Lakini mtu ana pumzi, ana jasho, ana ngozi, na hivyo hakuna sabuni itakayoviondoa mbele ya kulungu aliye upande upepo unakokwenda. Ndugu zangu mnaoanza uwindaji huu, wengi mkiwa wageni wa nchi kama sisi, nawaomba: kabla hamjazigeuzia kaya zenu maisha, nendeni mahali mnapotaka kuweka dungu, saa ileile mtakayowindia, mwachie uzi mmoja hewani. Utazameni mpaka utue.