Arobaini na Moja

Koti nililokwenda nalo Chicago nililinunua kwenye soko la mitumba la Karume, Dar, kwa kijana aliyeniapia: "Mzee, hili limetoka hukohuko kwenye baridi yenyewe." Kwa hiyo koti lilikuwa linarudi kwao. Mgeni nilikuwa mimi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Baridi ya mwishomwisho, nilijiambia, ni kama mgeni aliyekwisha kuaga, bado kuvaa viatu tu. Nikasahau kwamba wapo wageni wanaoaga saa mbili usiku, wakaondoka saa sita.

Asubuhi ya kwanza mpwa wangu wa miaka tisa alichungulia simu. "Anko, leo arobaini na moja."

Arobaini na moja! Dar yenyewe mwezi huo, tunapolala sakafuni tukiihurumia feni, haifiki hapo. Dirishani jua liliwaka kama la Kariakoo. Nikaliacha koti msumarini, nikatoka na shati, sweta jepesi na raba za kitambaa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, na 41 yao ni 5 yetu. Jua lile lilikuwa la kutazama tu, kama keki kwenye kabati la kioo.

Upepo wa Ziwa Michigan ulinipokea kwenye kona ya kwanza. Huo ningeuvumilia. Kilichonimaliza ni barabara. Magari ya kukwangua theluji huwa yameisukumia pembeni miezi yote, na ikianza kuyeyuka, maji hayana pa kwenda. Theluji ya Januari ni ugali, ukiikanyaga inakubeba. Ya Machi ni uji, tena uji wa kijivu unaofanana na lami. Nilikanyaga lami. Mguu ukazama hadi katikati ya muundi.

"Mama yangu!"

Mama mmoja mwenye kofia ya sufu aligeuka pale kituoni. "Papa, unatoka Tanzania, sivyo?" Alikuwa Mkongo wa Bukavu. Nikadhani amenijua kwa lafudhi, kumbe macho yake yalikuwa kwenye raba.

Basi lilichelewa, nikapewa darasa zima. Soksi ziwe za sufu, maana za pamba zikilowa zinageuka friji. Viatu visipitishe maji, tena vya soli yenye meno. Kofia ifunike masikio, si upara peke yake. Na nguo nyepesi tatu ni bora kuliko nzito moja, kwa sababu ndani ya basi kuna joto la tanuri na lazima uweze kujimenya kama kitunguu. Yote hayo nilikuwa nayo, Dar, ndani ya kabati la kaka yangu aliyewahi kusoma Urusi.

Raba zilipokauka zilikuwa ng'onda kamili, zimegandwa na chumvi nyeupe ile wanayoimwaga barabarani kuyeyusha barafu. Midomo nayo ilipasuka, kwani hita za nyumbani hukausha hewa mpaka ukishika kitasa cha mlango umeme unakuchapa. Kopo langu kubwa la mafuta ya mgando lilibaki uwanja wa ndege, kwenye ukaguzi. Mkononi hawakuruhusu kopo la zaidi ya mililita 100. Nilipokuwa nanyang'anywa nilicheka. Nani anakwenda Marekani kupaka mafuta?

Wiki iliyofuata mpwa akatangaza: "Anko, leo sitini na nne." Sikudanganyika mara ya pili. Nikavaa masweta mawili, soksi jozi mbili na koti juu, nikaenda kukaa kando ya mto nikitiririka jasho, huku vijana wenye kaptula wakilamba aiskrimu na kunitazama kwa huruma.

Saa tisa upepo ukageuka, ukaanza kutoka ziwani. Ndani ya nusu saa vijana walikuwa wamejikunyata, kisha wakatimua mbio kuelekea stesheni. Nikatabasamu, nikavuta zipu ya koti polepole ili wanione. Ikapanda hadi kitovuni, ikaachia meno yote. Ndipo nikaelewa kwa nini mwenyewe aliligawa.