Omu 250 Sebuleni

Mpwa wangu ni bingwa wa vitu asivyokuwa navyo. Hana gari, lakini muulize ni gari gani halili mafuta kati ya Dar na Dodoma, atakuchambulia mpaka pampu. Hana kiwanja, lakini bati la geji gani lipigwe wapi, anajua. Kwa hiyo niliposema mbele yake kwamba nimechoka na vile vya kuchomeka masikioni vya elfu tano, vinavyokufa upande mmoja kabla hata hujavizoea, na kwamba safari hii nataka hedifoni za maana, aliweka kikombe chini.

"Mjomba, za wazi au za kufunga?"

Akanieleza, na haki yake nimpe, alieleza vizuri. Za kufunga zina mgongo mzima: muziki hautoki, kelele haziingii, besi inakuja imeshiba. Za wazi zina wavu nyuma ya spika, hewa inapita, na muziki unausikia umetandazwa mbele yako badala ya kubanwa katikati ya fuvu. Sennheiser wa Ujerumani ndio waliozitoa sokoni za kwanza, HD 414, mwaka 1968, zile zenye sponji za njano. Tangu hapo wapenda muziki wamegawanyika, na wanaweza kununiana kwa jambo hilo. Mpwa wangu yuko upande wa wazi, kwa msimamo mkali, ingawa hajawahi kumiliki za upande wowote.

Tukaenda Kariakoo. Kijana wa duka akashusha boksi kutoka juu kabisa, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Hizi za studio, bosi, za wazi. Original." Kariakoo kila kitu ni original, hata feki ina original yake, ila mpwa wangu alizipekua mshono kwa mshono akaridhika kwamba ni zenyewe. Kisha akaona maandishi ubavuni mwa boksi, omu 250, uso ukamchangamka.

Omu ni kipimo cha ukinzani. Hedifoni za aina moja zinaweza kuuzwa kwa ukinzani tofauti. Beyerdynamic, Wajerumani vilevile, wanauza DT 770 Pro za omu 32, za 80 na za 250. Zenye omu nyingi huwa na koili ya waya mwembamba zaidi, na wapo wanaoapa kwamba sauti yake ni safi zaidi. "Za 32 ni za simu, mjomba," mpwa akasema. "Hizi ni za watu wazima." Mtu wa umri wangu akiambiwa kitu ni cha watu wazima hana ujanja. Nikatoa laki nne na ushee.

Nyumbani ndiko tulikoanza kuhesabu matundu. Waya wa hedifoni uliishia kwenye pini nene ya milimita 6.35. Pini hiyo ina umri mkubwa kuliko redio: ilianza karne ya 19 kwenye mitambo ya simu, mikononi mwa wale waliokuwa wakiunganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa. Simu yangu, kwa upande wake, haina tundu kabisa. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wakachekwa, kisha waliowacheka wakaliondoa na wao. Ikabidi iwe hedifoni, halafu adapta ya kutoka pini nene kwenda nyembamba, halafu kamkia ka USB-C, halafu simu. Nikainua mkono, adapta ikachomoka. Nikaichomeka, kamkia kakachomoka.

Vyote viliposhikamana nikafungulia muziki. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mwimbaji alikuwepo, hilo silikatai, ila alikuwa anaimba nyumba ya tatu na milango imefungwa.

"Si nilikwambia, mjomba? Hizo zinataka amplifaya."

Hakuwa ameniambia. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli. Simu kwa kawaida inasukuma kama volti moja, nyingine pungufu ya hapo, na omu 250 haziamki kwa msukumo huo. Na ukinunua amplifaya, akaendelea, ni aibu kuiacha bila DAC, yaani kile kifaa kinachogeuza tarakimu za faili kuwa umeme ambao spika inauelewa. Simu na kompyuta tayari zina DAC ndani, na nyingi siku hizi hazina ubaya wowote. Nadhani hata yeye alilijua hilo. Lakini mtu anayechagua kwa pesa ya mjomba ana moyo mpana. Kikaagizwa kiboksi chenye vyote viwili, kikaja na watu wa mizigo kutoka China, kina kitufe kimoja kizuri cha chuma na plagi ya miguu miwili ya duara.

Soketi zetu ni za matundu matatu, na kila Mtanzania anajua dawa: unasukuma kifuniko cha tundu la juu kwa kalamu, huku mkono wa pili unaingiza plagi chini. Mke wangu alinikuta nimepiga magoti nyuma ya meza ya televisheni, kalamu mdomoni.

"Baba Zuhura, uniachie ujane kwa ajili ya Sikinde?"

Kiboksi kikawaka. Nikavaa. Nguuuu. Si muziki, ni mngurumo tu, mzito, wa kudumu. Tukazima friji, ukabaki. Tukazima televisheni, watoto wakanuna, ukabaki. Mwisho mpwa akachomoa chaja ya laptopu, iliyokuwa ndiyo chanzo cha nyimbo zote, na mngurumo ukakatika papo hapo. Ni mambo ya ethi hayo, umeme wa chaja unatafuta njia ya kupitia na njia ni masikio yako. Kwa hiyo chombo changu cha kifahari kinapiga safi kabisa, alimradi laptopu iko kwenye betri. Betri yenyewe ni mzee mwenzangu.

Feni nayo ikazimwa, maana za wazi zinaisikia. Nikakaa kizani nikivuja jasho chini ya sponji za mahameli, nikafungulia DDC Mlimani Park, Sikinde wenyewe.

Hapo sina utani. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zama zile zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na hedifoni hizi zinakuonyesha nani amesimama wapi. Nilisikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa. Nilimsikia mpiga tarumbeta akivuta pumzi kabla ya kupuliza, pumzi ambayo nimeishi na wimbo ule tangu ujana na sikujua kama imo.

Tatizo ni kwamba spika nzuri haichagui cha kukuonyesha. Nakala yangu ilikuwa imetoka redioni ikaingia kwenye kaseti, ikatoka kwenye kaseti ikawa MP3 ya kilobiti 128, ikatumwa WhatsApp mara nyingi kuliko salamu za Idi. Kila ilikopita iliokota kitu. Kulikuwa na mvumo wa tepu na mtangazaji aliyedakia mwishoni. Kulikuwa pia na jogoo, katikati ya solo, upande wa kushoto. Nikavua hedifoni kuhakikisha kama ni wa jirani. Kimya. Nikavaa, akawika. Nikavua, akawika. Mpaka leo sijui kama ni wawili.

Siku chache baadaye shangazi yangu alifika kutoka Tanga bila taarifa. Mpwa alikuwa kochini na vidude vya Bluetooth masikioni, vile vinavyozima kelele za nje, mimi kwenye kona yangu na mitambo. Hodi ya kwanza niliisikia kupitia kwenye wavu, nikainuka, nikampokea kapu, "Shikamoo shangazi," mambo yakaenda. Mpwa hakutikisika. Bibi akasimama mbele yake.

"Mjukuu wangu, salamu siku hizi zinalipiwa?"

Akaruka. Alichelewa. Alisomewa orodha nzima ya watoto wa ukoo walioharibikia mjini.

Na za wazi zinavujisha nje, hilo nalo lazima lisemwe. Sebule nzima inasikia unachosikia, kwa sauti ndogo. Shangazi akatega sikio. "Hao si Sikinde?" Nikamvika juu ya mtandio. Alikaa nazo mpaka umeme wa LUKU ulipoisha, akaniuliza kama yule jogoo ni wetu.

Mpwa sasa ananishawishi ninunue za kuzima kelele. Namjibu kwamba nyumba inayopigiwa hodi inataka hedifoni za wazi, na za kufunga tuwaachie wapanda daladala na wapangaji wenye vitoto vichanga.

Nawe unayejipanga kwenda kununua za kwanza, nenda na simu yako ileile utakayoitumia, ichomekwe pale pale kaunta, kwa wimbo unaoujua. Kama huna mpango wa kununua amplifaya, usivuke omu 80. Na muuzaji umuulize omu ngapi kabla ya kuuliza bei. Akikujibu zipo nyeusi na nyekundu, toka.