Shangazi wa Thongpiny: Misa Saa Tatu, Uji Uko Jikoni

Barua nyingi zinazomfikia Shangazi kutoka Thongpiny hazihusu mapenzi. Mtaa huu umepakana na uwanja wa ndege wa Juba, umejaa hoteli, ofisi za mashirika na nyua zenye kuta ndefu, na ndani ya nyua hizo wanaishi Wakenya, Waganda, Wakongo, na wenyeji waliorudi kutoka Khartoum na Kakuma. Swali lao ni moja lenye sura nyingi: rafiki anambatizisha mtoto Jumapili, na nyumbani kuna watoto, nguo chafu na simu ya mama mkwe. Mtu afanyeje?

Shangazi ana msimamo, na anautoa mapema ili wavivu waishie hapa. Nenda kanisani. Sherehe ikikushinda, iache. Wengi hufanya kinyume: misa hawaonekani, kisha saa nane mchana hao, wamenukia, wanauliza wali uko wapi.

Mwandishi wa barua ya kwanza ni mhasibu wa hoteli ambaye watoto wake wanalelewa na mama yake kule Nakuru. Kila Jumapili saa nne ya Kenya hupigiana simu ya video. Ubatizo uko Kator, saa tatu ya Juba. "Nikimwambia mama kwamba saa nne yake ndiyo saa tatu yangu," anaandika, "ananiuliza nimejifunza wapi uongo."

Bibi wa Nakuru ana haki ya kushangaa. Hadi Januari 2021 saa ya Juba na ya Nairobi ilikuwa moja. Tarehe 1 Februari mwaka huo Sudan Kusini ilirudisha mishale nyuma kwa saa nzima, ikalingana na Khartoum na Kigali. Basi binti apige simu saa moja na nusu asubuhi, ambayo Nakuru ni saa mbili na nusu, kabla wajukuu hawajavalishwa viatu vya kanisani. Asijaribu kuwarushia ubatizo mubashara kutoka benchi la mbele, maana watoto wa simuni hawajui kunong'ona. Na atoke mapema. Msafara wa wakubwa ukielekea uwanja wa ndege barabara hufungwa, na hapo mwenye raksha, yaani bajaji, na mwenye V8 wanangoja jua lile lile.

Barua ya pili ndiyo iliyomkalisha Shangazi kitako. Mama wa watoto wanne, mlokole wa kweli, ameombwa na rafiki yake Mkatoliki awe mama wa ubatizo. Mume anasema akikubali atakuwa amerudi nyuma kiroho. Rafiki anasema akikataa urafiki umekwisha. Padri hajaulizwa na yeyote.

Angeulizwa, angefungua Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 874. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Komunyo, asiwe baba wala mama wa mtoto. Mkristo aliyebatizwa katika kanisa jingine anaruhusiwa kusimama kama shahidi tu, tena pamoja na msimamizi Mkatoliki. Kwa hiyo ugomvi wa mume na mke uliamuliwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kabla wao wenyewe hawajaoana. Rafiki atafute msimamizi mmoja, maana kanuni ya 873 inasema mmoja anatosha, na huyu mama asimame pembeni kwa heshima zote. Kwa maoni ya Shangazi, mwenye watoto wanne hapo kapewa cheo kizuri kuliko alichoombwa.

Mume naye aje. Tarehe 4 Februari 2023, kwenye kaburi la John Garang hapo hapo Juba, Papa Fransisko alisali pamoja na Justin Welby wa Waanglikana na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland. Ikiwa hao watatu waliweza kukaa jukwaa moja mbele ya umati, mwanaume wa Thongpiny anaweza kukaa benchi moja na mashemeji.

Kazi ya shahidi ambayo Shangazi angependa kuiona ni moja: atunze nakala ya cheti cha ubatizo nyumbani kwake. Mapigano yalipozuka Desemba 2013, maelfu ya watu wa Juba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyoko Thongpiny. Anayekimbia na mtoto mgongoni hachambui makaratasi. Rejista hubaki parokiani, ni kweli, lakini nakala iliyo mikononi mwa mtu wa familia nyingine na mtaa mwingine ni akiba. Katika nchi ambayo watu wengi mno huandikiwa kuwa walizaliwa 1 Januari kwa kukosa kumbukumbu, tarehe iliyoandikwa na padri ina thamani yake.

Kisha kuna mume aliyeachiwa watoto watatu. Jina lake Shangazi amelificha kwa kumhurumia. Mkewe yuko ubatizoni, shule zimefungwa kwa joto, na yeye anauliza kama watoto hula kila siku. Ndiyo, baba, hula, na zaidi ya mara moja. Joto ni kweli si kisingizio: Machi 2024 serikali ilifunga shule zote ikitarajia nyuzi 45, na Februari 2025 ikafunga tena baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Wape maji kabla hawajaomba. Wasicheze juani mchana. Unga umo kwenye ndoo ile unayoikalia ukipiga simu.

Joto hilo linamhusu zaidi mbatizwa. Shangazi ameyaona magauni ya ubatizo: neti juu ya neti, kofia yenye utepe wa kufunga kidevuni, soksi, viatu vya miguu isiyojua kukanyaga, na poda shingoni ambayo jasho limeshaigeuza uji kabla ya injili kusomwa. Mtoto analia, na wageni wanasema shetani anamtoka. Shetani gani? Ni nailoni. Ibada inataka vazi jeupe, haikutaja neti popote. Rafiki mwenye busara huja na fulana ya pamba, humvalisha mtoto gauni mlangoni mwa kanisa, na humvua picha ikishapigwa. Picha zenyewe zipigwe uani mwa kanisa. Juba si mji wa kuelekeza kamera kwenye askari, daraja au uzio wa uwanja wa ndege, hata kama mtoto amependeza kiasi gani.

Msomaji mmoja alikaa sherehe hadi saa moja usiku kwa sababu wazee walikuwa bado wanabishana jina, upande mmoja ukitaka Bakhita, mwingine ukitaka jina la ukoo. Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa. Shangazi hana la kusema kuhusu mlango. Kuhusu jina, Josephine Bakhita, mzaliwa wa Darfur, alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, kwa hiyo wanaolitaka hawajapotea. Lakini kanuni ya 855 inakataza tu jina linalokwenda kinyume na Ukristo. Majina ya asili kama Wani na Lado, yanayoonyesha zamu ya mtoto kuzaliwa kwa Wabari, hayamkosei Mungu, na jina la mtakatifu na la asili yote mawili yanaingia rejista moja. Tena kesi hiyo huamuliwa kabla ya ubatizo, na wenye mtoto, si baada ya pilau na mgeni akishikilia mkoba wake.

Amebaki kijana anayeuliza zawadi: bahasha au mbuzi? Bahasha ya pauni inamdanganya mtoaji. Pauni ya Sudan Kusini ilipotolewa Julai 2011, takriban tatu zilitosha kununua dola moja. Desemba 2015 ilipoachiwa huru ikawa zaidi ya kumi na nane kwa siku moja, na leo dola inahesabiwa kwa maelfu. Tita la noti linajaza mkono na halijazi sufuria. Mbuzi naye anahitaji mchinjaji, kamba, na mtu wa kulala naye macho usiku kucha, na huyo mtu atakuwa mama wa mtoto. Mbuzi mwachie mjomba. Wewe peleka gunia la mkaa, mwanangu, na lifike Jumamosi, kabla mafiga hayajapangwa.