Sifa za meseji ya "ile hela"

Kijiweni siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa akili mnemba. Mmoja atakuapia kwamba simu yake inamsikiliza: alitaja magodoro akiwa chumbani na mkewe, jioni matangazo ya magodoro yakajaa kwenye kioo. Mwingine anasema tangu ChatGPT itoke mwaka 2022 mwanawe hajaandika barua hata moja kwa kichwa chake mwenyewe. Wa tatu ana hakika kwamba Wazungu wameshatuhifadhi sote, sura, sauti na kilo zetu, kwenye kompyuta moja iliyofichwa chini ya bahari. Nawasikiliza kwa heshima zote. Kinachonisikitisha ni jinsi wanavyoitukuza mitambo ya mabilioni na kumsahau mkongwe wa hapa hapa nyumbani, asiyehitaji hata bando. Naizungumzia ile meseji inayosema: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." kisha linafuata jina la mtu ambaye hujawahi kumwona.

Tuanze na ufundi wake wa uandishi. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160. Hii hutumia chini ya nusu, na bado ina mhusika, ina kisa na ina haraka. Haisalimii. Katika nchi ambayo hata anayekuja kukudai huanza kwa kuuliza hali ya nyumbani, ya watoto na ya mvua, yenyewe inaingia moja kwa moja kwenye hela, na wala huoni kwamba imekosa adabu. Unaona ni mtu wa karibu. Nani mwingine angethubutu kukuandikia hivyo kama si mwenye nyumba, shemeji au fundi aliyekwisha kukuzoea? Matapeli wengine hutafuta undugu kwa maneno mengi; huyu ameupata kwa kuruka salamu.

(Binamu zake, ile ya mganga wa utajiri na ile ya kukukaribisha Freemason, siwasifu. Wana tamaa, na wanaandika vibaya.)

Ilinganishe na zile barua pepe za Nigeria zilizopewa jina la kifungu cha 419 cha Sheria ya Jinai ya nchi hiyo. Kuna mjane wa jenerali, kuna mamilioni ya dola yaliyokwama benki, kuna wakili, kuna Mungu, na bado hujafika katikati. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwamba upuuzi ule una faida yake: anayecheka anajiondoa mwenyewe, anabaki anayeamini kila kitu, na tapeli hapotezi muda na wajanja. Hesabu nzuri, ila ina dharau ndani yake, kwa sababu inamsaka mjinga. Meseji yetu haina dharau hiyo. Nitarudi hapo.

Kwanza niseme kuhusu faragha, maana ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ipimeni meseji hii kwa sheria hiyo. Haikuiti kwa jina. Haijui unakaa wapi, unauza nini, wala una watoto wangapi. Haikuombi namba ya siri. Sasa waangalieni wenye programu za mikopo ya simu: unakopa elfu hamsini, unabonyeza "kubali" mara tatu bila kusoma, na ukichelewa siku mbili mkwe wako anapigiwa simu kuelezwa tabia zako. Benki Kuu imezipiga marufuku nyingi zisizo na leseni, lakini mkwe ameshasikia. Meseji ya "ile hela" haijawahi kumpigia mkwe wa mtu.

Serikali nayo imepambana nayo kwa nguvu. Mwaka 2019 tulianza kusajili laini kwa alama za vidole. Tukapanga foleni za NIDA kuanzia alfajiri, tukakariri namba zenye tarakimu 20, na Januari 20, 2020 ikawa ndiyo siku ya mwisho kwa laini zisizosajiliwa kwa vidole. Tukasema sasa tapeli amekwisha. Asubuhi yake simu ikalia: ile hela itume kwenye namba hii. Naye alikuwa na laini iliyosajiliwa, pengine kwa kidole cha bibi fulani aliyeambiwa na msajili, "Mama, haijasoma, weka tena." (Bibi, piga *106# uone una laini ngapi.)

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mitandao ilituwekea ulinzi: kabla ya kukamilisha muamala unaonyeshwa jina la mpokeaji, ili ushtuke. Yeye akakutajia jina hilo mapema. Likija, badala ya kushtuka unatulia, kwa kuwa ni lile lile uliloambiwa. Kengele ya mlinzi imegeuka kuwa shahidi wa mwizi, na hakuna aliyeandika mstari hata mmoja wa programu.

Sasa turudi kwa anayenaswa. Mjinga asiyedaiwa hanaswi. Ataisoma, atajiuliza hela gani, ataendelea kumenya vitunguu. Mwenye tamaa hanaswi, maana hakuahidiwa kitu. Mvivu naye hajisumbui. Anayenaswa ni yule ambaye jioni hiyo hiyo alikuwa ameshika simu, kodi ameiweka kwenye salio, anasubiri tu kuambiwa aitume wapi. Kati ya maelfu wanaopokea, meseji inamchagua mtu mmoja mwenye deni na nia ya kulilipa. Hakuna benki nchini inayoweza kuwatambua waaminifu kwa wepisi huo, pamoja na fomu zao zote na wadhamini wawili.

Kampeni ya Sitapeliki, inayotuonya kuhusu utapeli wa simu, ina ushauri mwema, wa kuhakiki kwanza na kutuma namba za matapeli kwenda 15040, lakini imemsahau mtaalamu mkuu wa fani hii, yaani mdaiwa sugu. Ninaye rafiki wa namna hiyo. Anadaiwa na muuza duka, na fundi cherehani, na mimi. Meseji hii humfikia kila mara, na haijawahi kumtoa hata shilingi. Wala haipuuzi, huijibu papo hapo, kwa unyenyekevu, kama anavyotujibu sisi wengine: "Samahani kaka, mambo yamekaa vibaya, nivumilie hadi mwisho wa mwezi." Safari moja tapeli alimwandikia tena tarehe mbili, kumkumbusha.