Mitumba ya Galway

Galway, Ayalandi

Dani, Mama, na ninyi nyote mnaosomewa barua hii pale Kondele, amosou!

Nasikia mnaulizana nafanya kazi gani huku. Kwa sasa ni ileile ya Mama pale sokoni Kibuye: mitumba. Ila mzigo wenyewe ni filimbi. Shemeji, usicheke, si ile ya refa wa Gor Mahia. Hii hupulizwa ikiwa imelazwa ubavu, ni ya mpingo mweusi tii, mti wa majirani zetu Watanzania, na ina vibonyezo vinane vya fedha. Mwenyewe ni mzee jirani yangu. Vidole vimemkakamaa, na kutaja bei anaona haya. Aliposikia nimekulia kibandani, akanikabidhi.

Huku mtumba wa namna hii hauna aibu. Mwaka 1847 Mjerumani Theobald Boehm alitoa filimbi ya chuma. Wapigaji wa okestra wakahamia huko polepole, zile kuukuu za mbao zikashuka bei, na wanakijiji wa Ayalandi wakajizolea. Muziki wao umesimama juu ya mitumba, Mama!

Basi nikatangaza: mzigo wa kamera, daraja la kwanza! Akaja bwana mmoja amelowa chapachapa. Aliifungua vipande, akachungulia ndani akiielekeza dirishani. Alikuwa anatafuta ufa, maana wakati wa baridi nyumba hupashwa moto, mbao ikakauka na kunywea, lakini bomba la chuma lililo ndani ya kichwa cha filimbi halinywei. Hapo ndipo kichwa hupasuka. Kisha akaziba matundu kwa vidole, chini akaziba kwa kiganja, akafyonza hewa. Kipande kikamnasa mdomoni, kikaning'inia. Hakuna panapovuja!

Akakagua kila kibonyezo, akauliza maswali ya polisi. Mwishowe akapiga wimbo wa kasi palepale jikoni, mguu ukigonga sakafu, na hakugusa kibonyezo hata kimoja. Nyimbo zao nyingi hupita kwenye matundu sita tu.

"Basi nipunguzie," akasema, "hivi vyote sivitumii."

"Ukinunua kuku unaacha miguu?" nikamjibu.

Tukavutana mpaka euro 2,000, kama shilingi laki tatu. Akalipa zote, halafu akabaki mlangoni, kiganja wazi. Mzee akaninong'oneza: mrudishie kidogo, ya bahati. Ndiyo desturi yao tangu minada ya farasi na ng'ombe. Dani, nimevuka bahari yote hii kuja kudaiwa nyongeza! Nikatoa ishirini.

Mzee amenikatia changu, kwa hiyo Mama, angalia M-Pesa. Ya Dani ni ya Dani, shemeji asiikope. Nami sifa zimeenea mtaani: jana bibi mmoja ameniletea kodiani ya marehemu mumewe. Inakohoa, mikanda imekatika, na nimeshamwambia mteja wa kwanza kwamba wengine watatu wako njiani.

Oriti.