Tuachieni Namba Zetu Mbili

Barua ya wazi kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania, Dodoma

YAH: OMBI LA KUTOIGUSA SHERIA YA DAWA ZA KULEVYA

Ndugu Wajumbe,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa tangawizi Mkongotema, Halmashauri ya Madaba, mkoani Ruvuma. Nasikia kazi yenu ni kuzipitia sheria za nchi na kupendekeza zirekebishwe. Kazi njema. Ila mtakapoifikia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, nawasihi mfunge kitabu mkanywe chai. Ile imekamilika. Kwa msafirishaji wa dawa ina namba mbili: miaka 30 kwa mzigo mdogo, maisha kwa mzigo mkubwa. Aliyelima bangi naye ana 30 yake. Hata mtoto wa darasa la pili anaikariri akiwa njiani kwenda kisimani.

Nimeingiwa na hofu kwa sababu kuna wasomi wanaosifia utaratibu wa mahakama za shirikisho za Marekani. Wajumbe, msiwasikilize. Kule mtu akitiwa hatiani kwa dawa, jaji hufunguliwa jedwali lenye ngazi 43 za uzito wa kosa upande mmoja na makundi 6 ya rekodi ya mshtakiwa upande wa pili. Ofisa wa mahakama anatumwa kuchimba maisha ya mtu: kasoma hadi wapi, alitumwa na nani, alilipwa shilingi ngapi, mzigo ulikuwa wake au wa tajiri? Akionekana ni mbebaji tu, anashushwa ngazi. Akikiri mapema, anashushwa mbili au tatu. Akiwa ndiye bosi, anapandishwa. Na tangu mwaka 2005 Mahakama yao ya Juu imesema jedwali lenyewe ni la ushauri, jaji atumie akili. Sasa jaji akianza kutumia akili, sisi wananchi tutajuaje hukumu kabla kesi haijaanza?

Kwetu tunajua. Tuseme kijana wa bodaboda kapewa kiroba akishushe mbele kidogo kwenye barabara ya Njombe kwenda Songea. Kalipwa nauli na ya soda. Kizuizini kiroba kikafunguliwa, bangi. Mwenye kiroba yuko kwake anatazama mpira.

Kijana anasomewa shitaka. Kwa kuwa makosa haya yamewekwa kwenye fungu la uhujumu uchumi, chini ya sheria ya mwaka 1984, anaweza kuambiwa asijibu lolote, maana mahakama aliyoletwa haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali. Kwa hiyo anakaa kimya kama alivyoagizwa. Upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa. Upelelezi bado haujakamilika. Inaahirishwa tena. Mzigo ukiwa mkubwa hata dhamana hakuna, jambo jema, kwani humzoesha mtu mapema mazingira atakayoishi.

Siku ya hukumu inafika sehemu niipendayo kuliko zote, nayo huandikwa gazetini kwa maneno yaleyale kila mwaka: mshtakiwa alipopewa nafasi ya kujitetea aliiomba mahakama impunguzie adhabu kwa kuwa ni kosa lake la kwanza, ana mke na watoto wadogo, na mama mgonjwa anayemtegemea. Hakimu anasikiliza, anaandika, kisha anatamka miaka 30. Naomba hiyo sehemu msiiondoe. Haibadilishi kitu, lakini inampa kijana nafasi ya mwisho ya kuwataja watoto wake kwa sauti mbele za watu.

Wasomi hao hupenda pia kunitolea mfano wa akina Akasha wa Mombasa. Baktash na ndugu yake Ibrahim walikamatwa Novemba 2014, baada ya kuwakabidhi watu waliodhani ni wafanyabiashara wa dawa wa Colombia kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikazungushwa Kenya hadi Januari 2017. Huko New York wakakiri, hongo waliyowapa maofisa wa Kenya ikiwa miongoni mwa waliyoyakiri, na jaji akaketi na hesabu zake: Baktash miaka 25, mwaka 2019, Ibrahim 23, mwaka 2020. Mnaona hasara ya kufikiri? Kilo 99 za heroini, familia iliyotisha pwani nzima, 25. Kijana wetu na kiroba chake, 30. Kimataifa tumewashinda kwa miaka mitano.

Najua mtasema akina Akasha wangeshikwa Madaba wangepata maisha. Kweli kabisa. Wangeshikwa Madaba. Sasa hata ile kesi ya kilo 210 za heroini zilizokamatwa Lindi Januari 2012, majirani zetu huku kusini, mtuhumiwa wake mkubwa, Ali Khatib Haji Hassan maarufu kama Shkuba, ilibidi mwaka 2017 asafirishwe mpaka Houston, Texas.

Kuna kitu kimoja tu cha Wamarekani ninachokionea wivu, nacho ni mizani. Mwaka 1991, katika shauri la Chapman, Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba dawa ya LSD ipimwe pamoja na karatasi iliyodondoshewa. Dawa tupu ilikuwa miligramu 50. Na karatasi, gramu 5.7. Adhabu ya kuanzia miaka 5 ilikuwa inaanzia gramu moja, basi mtu akafungwa kwa uzito wa karatasi. Mimi tangawizi yangu inanunuliwa kwa lumbesa: gunia linajazwa, linasindiliwa, linashonewa kilemba juu, na nalipwa la gunia moja, Wakala wa Vipimo akikataza kila msimu. Laiti mnunuzi wangu angekuwa na roho ya jaji wa Marekani, akanilipia tangawizi, kilemba, na gunia lenyewe!

Lakini nisitoke nje ya mada. Nasema namba zetu zisiguswe kwa sababu zimezaa ajira. Mahali adhabu inapopinda, mawakili hubishana kuhusu adhabu: huyu alikuwa nani, alifanya nini, anastahili kiasi gani. Kwetu haipindi, kwa hiyo ubishi wote umehamia kwenye makaratasi. Hati ya ukamataji ilisainiwa na shahidi huru? Stakabadhi ilitolewa? Kielelezo kilitoka kwa polisi kwenda kwa Mkemia Mkuu kikapita mikononi mwa nani, na nani aliandika? Kiungo kimoja muhimu kikikosekana, Mahakama ya Rufani huweza kumwachia mtu huru, na iko sahihi kufanya hivyo. Kwa hiyo mwenye wakili mzuri huondoka na sifuri, asiye na wakili hubaki na 30. Katikati hakuna kitu. Miaka mitatu, miaka saba, kazi za jamii, hayo ni mambo ya watu wasio na msimamo.

Mwaka 2019 mlango wa makubaliano ya kukiri kosa ulifunguliwa, nikashtuka. Nikatulia niliposoma kwamba dawa zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20 zilibaki nje. Hata hivyo kijana wa bodaboda atawauzia nini waendesha mashitaka? Anajua jina moja la utani na namba ya simu isiyopatikana. Wenye majina kamili ya kuuza ndio hao wanaotazama mpira.

Basi, mkilazimika kabisa kurekebisha chochote, ongezeni namba ya tatu kwa ajili ya mwenye kiroba. Hata ikiwa ndogo, hatutanung'unika. Tunataka tu tumwone anavyosimama anapoombwa kujitetea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa tangawizi,
Mkongotema, Madaba.

Nakala: Mnunuzi wangu, kwa taarifa.