Chumvi Niliyokula Inatosha

Kwetu ukiambiwa umekula chumvi nyingi, umesifiwa. Umeona mengi, upishwe kiti. Mimi nimeila kwa maana zote mbili, na juzi nilipokwenda kliniki kupimwa presha, aliyeulizwa hali hakuwa yule mwenye busara. Muuguzi, binti ambaye ningeweza kumzaa, aliitazama mashine, akanitazama mimi, akairudia mashine kama anayetafuta nani kati yetu anadanganya.

"Mzee wangu, chumvi unatumiaje?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kwangu kopo la chumvi halipandi mezani. Na ni kweli tupu.

"Na tomato sosi je?"

Hapo nikaona nitazame bango la chanjo ukutani. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi chipsi ni kisingizio tu. Ninachokula ni sosi. Namimina mpaka sahani inaonekana kama pametokea ajali, halafu natafuta viazi vilipo kwa uma.

Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma mgongo wa chupa, maandishi madogo kama yameandikwa na siafu. Katika kila gramu 100, miligramu 900 za sodiamu. Nikashusha pumzi, miligramu si kitu. Binti yangu wa sekondari akaniharibia. "Baba, hiyo zidisha kwa mbili na nusu ndiyo upate chumvi." Tukazidisha. Gramu 100 ni sahani yangu moja, tena siku niliyojizuia: gramu mbili na robo za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, kijiko kimoja cha chai kisichojaa lundo. Hapo mkate wa asubuhi haujahesabiwa, wala kile kidonge cha mchuzi cha karatasi ya kung'aa ambacho jikoni kwetu kinaitwa "ladha".

Kinachoniuma ni kwamba nyanya yenyewe haina hatia. Gramu 100 za nyanya mbichi zina sodiamu kama miligramu 5 tu. Nyingine zote zimetiwa na mkono wa mtu. Nikaja kusoma kwamba hii kechapu tangu asili yake, huko kusini mwa China, ilikuwa maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi; nyanya ilikuja kutiwa humo baadaye kabisa, huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Kumbe chumvi ndiye mwenye nyumba, nyanya ni mpangaji.

Nikatangaza kwamba kuanzia sasa sosi inatengenezwa hapa hapa, na mimi.

Sokoni nikaulizia sado ya nyanya za Ilula. Bei ikanirudisha nyuma hatua moja. "Mvua hizi, mzee," akasema muuzaji. Huyu bwana mvua ikinyesha nyanya hupanda kwa kuwa zinaoza shambani, na jua likiwaka hupanda kwa kuwa hakuna maji. Sijawahi kukuta hali ya hewa inayomshusha. Nikalipa. Za juu zilikuwa ngumu, zinang'aa. Za chini zilikuwa zimeshaanza kuwa sosi zenyewe.

Kazi ya kwanza ni kumenya. Unachana alama ndogo kwenye kitako cha nyanya, unaitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi, ganda linavuka lenyewe. Kwa nyanya kumi ni burudani, unajiona mpishi wa hoteli. Kufika ya arobaini nilikuwa nazimenya kwa chuki. Ndipo blenda, ndipo chujio, ndipo moto, na hapo kwenye moto ndipo kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya: nyanya ni maji, zaidi ya asilimia 90. Unapika mvuke. Nilikoroga saa mbili, na ilipoanza kuwa nzito ikageuka bunduki. Inatulia, unainama kuchungulia, inakurushia tone la moto kifuani. Shati langu jeupe sasa ni la kushindia nyumbani. Gesi nayo ikakata pumzi katikati, nikahamia kwenye jiko la mkaa uani, majirani wakanitazama.

Mama watoto alikuja mara tatu. Mara zote mkono mmoja ulikuwa nyuma.

"Umeshika nini?"

"Kidonge kimoja tu. Hii siyo chumvi, ni ladha."

Nikailinda ile sufuria kama askari wa benki. Jirani naye akanishauri chumvi ya potasiamu. Nikampigia muuguzi, akasema kwa presha yangu na umri wangu nisiiguse mpaka figo zipimwe. Nikaona figo zikae kwanza zilipo. Nikatia siki, kitunguu, kitunguu saumu, pilipili manga, karafuu mbili, kijiti cha mdalasini na sukari kiasi.

Sado nzima ikanipa chupa mbili, ya pili ikiwa haijajaa. Ukijumlisha nyanya, gesi, mkaa na shati, kwa pesa hiyo ningenunua za dukani mpaka Krismasi.

Tukaonja. Mwanangu mdogo akasema ni tamu, lakini kama jamu. Mke wangu akafikiri sana kabla ya kusema, "Kwa mgonjwa, ni nzuri." Nilisusa nusu saa. Aliyeniokoa ni mama mkwe, kwa simu, bila kuiona wala kuionja: "Baba, tia ukwaju." Ule uchachu ukashika mahali palipokuwa pameachwa wazi na chumvi, sosi ikaamka. Sasa ni wiki ya tatu na ulimi umeanza kuzoea, kama alivyosema muuguzi, mpaka mkate wa dukani nauona umechovywa baharini. Sosi yenyewe haina chumvi ya kuilinda, sukari nayo ni ya kupimiwa, kwa hiyo inalala kwenye friji, na umeme ukikatika silali mimi.

Jana nikaona niko tayari kurudi kwa kijana wangu wa chipsi. Nimevaa koti, chupa mfukoni. Nikaagiza chipsi kavu, nikaiweka chupa juu ya meza.

"Mzee, hiyo dawa?"

Nikamweleza yote, presha, gramu 5, sodiamu, saa mbili za kukoroga, kwamba mimi na chumvi basi. Akanisikiliza kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, mzee wangu, presha si mchezo," na wakati huo wote mkono wake wa kulia ulikuwa umeshachukua kopo lenye matundu na unazinyunyizia chipsi zangu chumvi, huku na huku, bila yeye mwenyewe kuutazama.